Wazee, vijana na daftari la msikiti

Usiku wa kikao kile mvua za masika zilikuwa zimeanza, na wajumbe wa kamati walikuwa wakitazama saa, kila mmoja akiiwazia barabara ya kurudia nyumbani. Tulikuwa tumefika kwenye ajenda ya mwisho, ile ya mengineyo, ambayo kwa kawaida huchukua dakika mbili na dua. Kijana mmoja akaomba nafasi. Ni mwanafunzi wa mwaka wa pili wa Chuo cha Uhasibu, ambacho kiko hapahapa Njiro, na wanafunzi wake wengi Waislamu husali kwetu. Alianza kwa kuwapa wazee shikamoo. Kisha akasema kwamba yeye na wenzake wamejumlisha michango yote iliyotangazwa baada ya sala ya Ijumaa tangu ujenzi wa madarasa ya madrasa uanze. Na kwamba wakizitazama kuta zile, ambazo hadi siku hiyo zilikuwa zimesimama bila lenta, na mabati yale machache ya upande wa kisimani, wanaona kazi iliyofanyika ni ndogo kuliko fedha. Kwa hiyo wanaomba kuliona daftari.

Mweka hazina wetu alikuwa amelishika daftari hilo kwa miaka kumi na tisa. Alilifunga polepole, akaiweka kofia yake sawa, akasema: "Mjukuu wangu, mimi nilianza kuhesabu sadaka za msikiti huu baba yako hajaoa." Akainuka, akatoka kwenye mvua.

Mimi ndiye katibu wa kamati hiyo. Muhtasari wa kikao kile niliuandika kwa mkono wangu, na katika kipengele cha mengineyo niliandika maneno matatu: "Vijana walitoa maoni." Mtu akinihukumu kwa sentensi hiyo sina pa kukimbilia. Nilifahamu kwamba swali lilikuwa la haki, kwa sababu miezi kadhaa kabla ya hapo mimi mwenyewe nilikuwa nimejiuliza swali hilohilo na kulinyamazia, nikijiambia kwamba si adabu. Nilikuwa na umri wa miaka thelathini na nne, elimu ya chuo cha Kiislamu kichwani, na woga wa mtoto wa miaka minane.

Kilichofuata wasomaji wengi wanaweza kukibuni. Swali lililokataliwa ndani ya msikiti lilihamia kwenye kundi la WhatsApp, na huko hakuna mwenyekiti wala ajenda. Jumatatu waliandika kwamba fedha "hazieleweki." Kufikia Jumatano mmoja wao alikuwa ameandika neno "wizi." Ijumaa ile mzee hakuonekana kwenye safu ya kwanza, na Ijumaa ya pili pia hakuonekana. Wazee wenzake wakaanza kusema kwamba vijana wa siku hizi wamesomeshwa wakaharibika. Vijana wakaanza kusali msikiti mwingine.

Katikati ya wiki hizo mbili nilikwenda mazikoni Ngarenanyuki, kwa jirani yangu Mmeru. Mnaoijua njia ile mnakumbuka: unatoka Usa River, unapanda kushoto, unapita ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Arusha, na unapoteremka upande wa pili Mlima Meru umekugeukia na sura nyingine kabisa, sura ile iliyobomoka. Huko ni mashamba ya nyanya kila upande. Waliokuwa wamekaa nami chini ya turubai wakaanza kuzungumzia mwaka 1951 kama watu wengine wanavyozungumzia mvua ya juzi, na nikaona aibu kwamba historia ile nilikuwa nimeisoma kwa ajili ya mtihani tu.

Habari yenyewe, kwa ufupi, ni hii. Baada ya Vita Kuu ya Pili serikali ya Kiingereza iliunda tume chini ya Jaji Mark Wilson kuchunguza ardhi ya Arusha na Moshi, na taarifa yake ya mwaka 1947 ilipendekeza eneo lililo kati ya Mlima Meru na Kilimanjaro litengwe kwa walowezi wa Kizungu. Wameru wa Ngarenanyuki walitakiwa kuhamia King'ori, mahali walipopaona hapafai kwao wala kwa mifugo yao. Walikataa. Novemba 17, 1951 operesheni ya kuwaondoa ilianza. Watu wapatao 3,000 walifukuzwa, nyumba zikachomwa moto, mifugo mingi ikapotea na kufa.

Wameru hawakushika mikuki. Walikataa kutia saini na wakakataa fidia, na mambo yao wakayaendesha kupitia chama chao, Meru Citizens' Union. Tanganyika wakati huo ilikuwa nchi ya udhamini wa Umoja wa Mataifa, na wananchi wa nchi ya namna hiyo walikuwa na haki ya kupeleka malalamiko yao New York moja kwa moja. Wameru wakaamua kuitumia haki hiyo. Wakamchagua Kirilo Japhet, mtu mwenye umri wa takriban miaka thelathini. Wakachanga fedha za safari na za wakili kutoka mifukoni mwao. Na mwaka 1952 Kirilo akafika mbele ya Baraza la Udhamini pamoja na wakili Earle Seaton, mzaliwa wa Bermuda aliyekuwa akifanya kazi zake Moshi. Desemba ya mwaka huo shauri lilifika Baraza Kuu, na azimio la kuwaunga mkono Wameru likakosa theluthi mbili ya kura zilizohitajika.

Kwa hesabu ya kura, walishindwa. Lakini nchi nzima ilikuwa imekwisha kusikia kwamba mtu wa kijijini anaweza kuishtaki serikali ya Mwingereza mbele ya dunia, na Machi 1955 Mwalimu Nyerere, akiwa rais wa TANU mwenye umri wa miaka 32, alisimama mbele ya Baraza la Udhamini hilohilo. Wameru wamerudi Ngarenanyuki. Nyanya tunazokula Njiro ni ushahidi.

Nilipokuwa nimekaa chini ya turubai lile, jambo lililonigusa lilikuwa mgawanyo wa kazi. Wazee walikuwa wakijua mipaka, mito, nani alilima wapi na tangu lini. Kumbukumbu hiyo, peke yake, isingeweza kuvuka bahari. Ilihitaji mtu wa kuipanga kwa lugha ya maombi na vifungu. Na kijana aliyesoma, bila kumbukumbu ile, angefika New York akiwa na sauti nzuri na hana la kusema. Tena yule kijana hakujituma. Alikwenda na fedha za watu na jina la watu, na akirudi alikuwa na watu wa kuwajibu. Sitaki kuipaka sukari habari hii: chama kile kiligombana na utawala wa Mangi, na ndani ya Wameru wenyewe hawakukosekana walioona kwamba vijana wasomi wamepanda juu mno. Ushirikiano haukuwaondolea ugomvi. Uliwapa mahali pa kugombana huku kazi ikiendelea.

Majirani zetu wengine, Waarusha, wana jambo hili ndani ya mila yao ya rika. Mtafiti Philip Gulliver, aliyekaa kwao miaka ya 1950, aliandika kwa kirefu jinsi marika yao yanavyoshughulikia mashauri kupitia wasemaji wao, malaigwanani. Kama ilivyo kwa Wamasai, walezi wa rika la vijana si rika lililo juu yao moja kwa moja, bali lile la pili kutoka kwao. Wenye busara wa zamani walijua kwamba anayekufuata kwa umri ndiye unayegombea naye nafasi, na kwamba kijana husikilizana vizuri zaidi na mtu ambaye hana cha kumnyang'anya. Nikafikiri kuhusu kamati yetu. Waliokuwa wakali zaidi kwa vijana hawakuwa wazee wa miaka sabini. Walikuwa watu wa umri wangu.

Na sisi Waislamu wa nchi hii hatuna haja ya kwenda mbali. Mzee Kleist Sykes, mmoja wa waasisi wa African Association mwaka 1929, ndiye pia aliyekuwa miongoni mwa waasisi wa Al-Jamiatul Islamiyya, jumuiya iliyowajengea watoto wa Kiislamu shule Dar es Salaam. Mwaka 1950, mwaka mmoja tu baada ya kifo chake, mwanawe Abdulwahid, aliyekuwa na umri wa miaka ishirini na kitu, alikuwa katibu wa chama kilekile, TAA. TANU ilipoanza, Baraza la Wazee wa Dar es Salaam liliwapa wanasiasa vijana kitu ambacho shahada haimpi mtu: kuaminiwa na wenyeji wa mji. Bibi Titi Mohamed hakuwa ametimiza miaka thelathini alipokabidhiwa kazi ya kuwaingiza akina mama katika chama. Mwanahistoria Mohamed Said ameeleza kwa urefu habari za wazee hao, na ningetamani kila maktaba ya madrasa iwe nazo.

Katika mihadhara yetu ya vijana hutajwa sana Usama bin Zayd (RA), ambaye Mtume (SAW) alimpa uamirijeshi akiwa hajafika miaka ishirini, na ndani ya jeshi lake walikuwamo masahaba wakubwa. Habari hii vijana wanaipenda, na wana haki ya kuipenda. Lakini sehemu yake ya pili husemwa mara chache. Baada ya Mtume (SAW) kufariki, Abu Bakr (RA) alitoka kulisindikiza jeshi lile, na alipotaka Umar (RA) abaki naye Madina, alimwomba Usama ruhusa. Khalifa, mzee wa umma, anamwomba kijana ruhusa ya kumchukua askari mmoja, ambaye angeweza kumchukua kwa neno tu! Abu Bakr huyohuyo ndiye aliyemkabidhi Zayd bin Thabit (RA), kijana wa miaka ishirini na kidogo, kazi ya kuikusanya Qur'ani. Zayd aliiona kazi hiyo nzito kuliko kuhamisha mlima, na aliifanya kwa kukusanya maandishi na kuwauliza watu waliohifadhi vifuani.

Nimerudia habari hizo kwa sababu ndizo alizozitumia imamu wetu alipotuita, mimi na yule mwanafunzi, akatuambia tufuatane naye nyumbani kwa mzee baada ya Alasiri. Tulikwenda na mkate na sukari. Mzee alitukaribisha, chai ikaletwa, na kwa muda mrefu mazungumzo yakawa juu ya mvua na bei ya mahindi. Kisha kijana akaomba radhi kwa yale yaliyoandikwa kwenye simu, ingawa si yeye aliyeandika lile neno baya. Hakuomba radhi kwa swali, na mzee aliliona hilo.

"Swali halikuniudhi," akasema mzee. "Kilichoniudhi ni kwamba mliniuliza mbele ya watu, jambo ambalo mngeweza kuniuliza hapa kwangu."

Kijana akajibu: "Babu, kama tungekuuliza hapa, jibu lingebaki hapa. Fedha ni za watu wa pale."

Sidhani kama nimewahi kuwasikia watu wawili wakipingana na wote wakawa wamesema kweli kiasi hicho. Imamu hakuamua kati yao. Alisema tu kwamba daftari lipo, mwenye kulijua yupo, na wanaojua hesabu wapo, basi wakae.

Walikaa usiku tatu, baada ya Isha. Vijana walikuwa wawili: yule wa kwanza, na binti mmoja anayesoma naye, ambaye kwa hakika ndiye bingwa wa hesabu kati yao. Usiku wa kwanza yeye alikaa upande wa akina mama na kurasa zikawa zinapelekwa na kurudishwa na mdogo wake, mtoto wa miaka tisa, mpaka usingizi ukamshinda. Usiku wa pili tulihamia kwenye chumba cha madrasa, mlango wazi, mama yake binti akiwapo, na kazi ikaenda mara tatu zaidi. Nauliza kama pembeni: kwa nini ilituchukua usiku mzima kulifikiria hilo? Na kwa nini hadi leo katika kamati zetu nyingi sauti ya akina mama hufika kama zilivyofika kurasa zile, mkononi mwa mtoto anayesinzia?

Daftari ni lile kubwa ambalo wenye maduka huliita kaunta buku. Lilikuwa na tarehe na kiasi, na mara nyingine jina. Halikuwa na nia ya mtoaji. Hapo ndipo kazi ilipokuwa. Vijana walichora safu mpya: zaka, sadaka, ujenzi, maji, maiti na mafakiri. Kisha wakawa wanasoma kila mstari, na mzee anajibu kwa kumbukumbu. Huyu alitoa kwa ajili ya pampu. Yule alikuwa amefiwa na mkewe, akasema wapeni mayatima. Hii ya Ramadhani ilikuja kwenye bahasha kutoka kwa mfanyabiashara wa pale mjini, ni zaka. Miaka kumi na tisa, na alikuwa akikumbuka hata nani aliletewa fedha na mtoto wake kwa sababu mwenyewe anaumwa miguu. Palipokuwa na miamala ya simu au risiti, vijana walilinganisha, na mara nyingi sana mzee alikuwa sahihi. Mara chache alikosea, nao wakamwambia.

Usiku wa tatu binti akasimama kwenye Ramadhani moja ya miaka mitatu nyuma. Matumizi ya ujenzi mwezi ule yalikuwa yamezidi mapato ya ujenzi kwa zaidi ya shilingi milioni moja. Aliuliza mara moja tu, kwa sauti ya chini, tofauti hiyo ilitoka wapi. Mzee alikaa kimya. Hakuna mtu mwingine duniani aliyekuwa akilijua jibu, na angesema "sikumbuki" tungemwamini. Akasema: "Zilikuwa za zaka. Mabati yalikuwa yanapanda bei, fundi alikuwa amekaa pale nje ananisubiri. Nikasema nitazirudisha. Sikuzirudisha."

Kwa wasioona uzito wa jambo hili: zaka ina wenyewe. Makundi manane yametajwa katika Suratut Tawba, aya ya 60, na kwa kauli ya wanazuoni walio wengi, wakiwamo Mashafii ambao ndio tunaowafuata, kujenga msikiti au madrasa hakumo. Wapo wanazuoni wa zama hizi waliopanua maana ya fii sabilillah, lakini mtoaji yule hakuulizwa, wala mafakiri ambao fedha ile ilikuwa haki yao hawakuulizwa. Hapakuwa na wizi. Palikuwa na haki ya maskini iliyogeuka mabati, na watoto wetu walikuwa wakisoma Qur'ani chini yake. Naona hili ni zito kuliko lile neno lililoandikwa kwenye simu, na lisingejulikana kwa hesabu peke yake wala kwa kumbukumbu peke yake.

Kamati ilikubaliana kwamba deni ni la msikiti mzima, si la mzee, kwa kuwa sote tulisalimisha kila kitu mikononi mwa mtu mmoja, kisha tukaliita hilo heshima. Liliwekwa wazi mbele ya waumini Ijumaa iliyofuata. Mimi ndiye niliyesoma, na safari hii niliandika kila kitu. Tumekuwa tukilirudisha kwenye mfuko wa zaka kidogo kidogo kutoka kwenye michango ambayo watoaji wake walitamka wenyewe kwamba ni ya kulipa deni lile. Baadhi ya waumini walikasirika. Mmoja alisema tumewaaibisha wazee. Mwingine, siku hiyohiyo, alisema tumewalinda.

Tangu hapo fedha huhesabiwa baada ya Ijumaa na watu watatu, mmoja wao kijana, na karatasi hubandikwa mlangoni. Vijana nao walirudi na ombi lao: walitaka kuanzisha kikundi na kuomba mkopo wa halmashauri, ule wa asilimia kumi ambao sehemu nne ni za wanawake, nne za vijana na mbili za watu wenye ulemavu. Wanachama wengi wanaendesha bodaboda. Walikwama kwenye kuandika katiba ya kikundi na kufuatilia ofisini, na aliyekwenda nao kwa afisa maendeleo ya jamii asubuhi tatu mfululizo ni mjumbe wa kamati mwenye miaka sitini na minane, mstaafu wa serikali, ambaye wiki chache nyuma alikuwa wa kwanza kusema kwamba wamesomeshwa wakaharibika. Kwenye foleni za ofisi anajua aanzie wapi. Mkopo haujatoka bado.

Si kila kitu kimepona. Yule aliyeandika neno "wizi" aliufuta ujumbe wake, lakini hajaenda kwa mzee. Mzee anamfahamu na huuliza habari zake, "yule mtoto hajambo?", na kila mara hatujui tumjibu nini. Uweka hazina aliukataa tulipomwomba aendelee. Sasa anashika mtu wa miaka arobaini, na yule binti ndiye mkaguzi, jina lake limeandikwa kwenye muhtasari. Mzee huja kila Ijumaa baada ya sala, hukaa karibu na meza ya kuhesabia, hagusi fedha. Mtu akileta bahasha isiyo na maelezo, vijana humtazama yeye kwanza. Naye huinua kichwa, akamwangalia mletaji, akauliza: "Hii umenuia nini?"